Kulwa na Doto wa Kiingereza

Ukitoka Segese kuelekea mgodini, kuna mahali barabara ya vumbi ya wananchi inakatana na barabara ya malori makubwa, yale ambayo tairi lake moja linampita mtu mzima kwa urefu. Hapo ndipo Shija, ambaye wengi humwita Mama Wema, alikuwa akisimama kutwa nzima na kibao chake. Upande mmoja wa kibao ni mwekundu, upande wa pili kijani. Akigeuza mwekundu, bodaboda wanasimama, wenye ng'ombe wanasimama, hata diwani na gari lake anasimama na kununa. Lori likishapita anageuza kijani, dunia inaendelea na mambo yake. Ni kazi halali, na Shija hakuidharau.

Ila moyo wake ulikuwa kwenye kontena jeupe lililokaa juu ya kilima, mle wanamoita chumba cha redio. Malori yote ya mgodi yanaendeshwa kwa sauti inayotoka mle: wewe nenda, wewe ngoja, wewe pisha. Yeye kiunoni alikuwa na redio ndogo ya upepo ya kumjulisha tu kwamba lori linakuja, na kutwa alikuwa akisikiliza Kiingereza kikipita hewani bila kumjali. Maneno mawili tu ndiyo aliyoyapenda kuliko yote. Mtu wa kontena, akiwa hajasikia vizuri, alimwambia yeyote yule, hata bosi wa kigeni mwenye sauti ya kukoroma, "Say again." Rudia. Na bosi anarudia! Hakuna anayekasirika, hakuna anayeuliza huyu mtoto kalelewa na nani. Shija alikuwa akilisikia jambo hilo kila siku na bado kila siku linamshangaza.

Kwa nini kitu kidogo namna hiyo kimkae rohoni, hilo huwezi kulielewa mpaka nikupeleke kwenye duara la baba yake. Duara ndilo jina ambalo wachimbaji wadogo wameyapa mashimo yao ya dhahabu. Mzee Mihayo, baba yake Shija, alikuwa mkulima wa pamba, na pamba ilipomchosha akaingia shimoni kama wenzake. Aliyemsaidia kazi alikuwa Ngassa, mume wa Shija. Sasa katika ukoo wao mkwe wa kiume hamzoei baba mkwe. Hasimami karibu naye, hali naye sahani moja, na akisemeshwa anatazama chini na kujibu, "Ee, baba." Lakini dhahabu haijui ukwe. Mzee akawa chini ya duara anachimba, mkwe akawa juu anazungusha winchi, na katikati yao kamba moja.

Siku ya ajali mzee aliita kutoka chini. Sauti ya mtu aliye shimoni hufika juu imevurugika, nusu yake imebaki kwenye kuta. Ngassa hakusikia. Angekuwa mtu mwingine mle ndani, angeinama mdomoni mwa shimo akapiga kelele, "Unasemaje?" Lakini aliyekuwa chini ni baba mkwe, na kumwambia baba mkwe arudie ni sawa na kumwambia hajui kusema. Basi Ngassa akajibu kama alivyolelewa. "Ee, baba," akasema, na akaanza kuzungusha. Kiroba cha mawe kilikuwa hakijafungwa sawasawa, na hilo ndilo mzee alilokuwa akilisema. Kilifika nusu ya safari, kikachomoka, kikarudi kilikotoka.

Mzee Mihayo hakufa. Mguu wake wa kulia ulipondeka, na ulipopona ulipona vibaya, hadi leo anatembea kwa fimbo. Wahenga walituachia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sijui hao wahenga walichimba wapi, maana huku kwetu asiyesikia alibaki mzima, guu likavunjika la mkuu mwenyewe.

Ukoo ulikaa ukajadili, ukamsafisha Ngassa: kijana ana adabu, ni shetani tu kapita. Mzee hakumlaumu hata kwa jicho. Lakini Ngassa alijilaumu mwenyewe, na tangu hapo akienda ukweni anaishia kwenye uzio wa minyaa, anatoa salamu kwa mbali, anaondoka. Shija alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa kwa mumewe. Aliichukia ile "Ee, baba." Aliichukia kwa sababu aliijua vizuri. Ilikuwa mdomoni mwake pia, tangu utoto.

Ndiyo maana tangazo lilipobandikwa, kwamba chumba cha redio kinataka watu kutoka vijiji vya jirani, na kwamba usaili utakuwa wa Kiingereza, Shija alisema palepale kwamba anaomba. Wenzake wa barabarani walicheka hadi wakashikilia mbavu. "Mama Wema, wewe 'road' unaita 'load'! Utaangusha lori zima mtaroni." Ni kweli. Msukuma na herufi hizi mbili ni ndugu wasioulizana, anachukua yoyote iliyo karibu. Shija alicheka nao, kwa sababu kweli ni kweli, lakini jioni hiyo hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia sokoni kwa Mwalimu Abdu.

Mwalimu Abdu alistaafu ualimu akafungua kibanda cha kanga na vitenge. Babu yake alikuja bara kwa biashara akasahau kurudi pwani, na mjukuu amerithi kofia, utani na ulimi mkali. Alikuwa amemfundisha Shija shule ya msingi, na kabla yake aliwafundisha kaka zake pacha, Kulwa na Doto. Usukumani jina la mtoto anayefuata pacha linajulikana kabla hajazaliwa, naye ndiye Shija.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Shija. Umekuja kununua au kutazama?"

"Nimekuja kusoma."

Mzee wa watu alivua miwani, akamtazama, akaivaa tena. Kisha akachukua chaki ya fundi cherehani na kuandika kwenye ubao wa mlango wa kibanda: WAIT, WEIGHT. Chini yake HERE, HEAR. Chini yake OR, ORE. Akaeleza: hili ni ngoja, lile ni uzito. Hili hapa, lile kusikia. Hili ama, lile mawe yenye dhahabu. Halafu akamwambia ageuke, autazame umati wa soko, asikilize kwa sikio tu.

Alitamka la kwanza, akatamka la pili. Shija alifumba macho. Mwalimu akarudia, polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Shija alitafuta tofauti kama anayetafuta sindano kwenye mchanga, hakuiona. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Mwalimu, masikio yangu hayafai."

"Masikio yako ni mazima. Tofauti haipo."

"Haipo?"

"Haipo. Mchukue Mwingereza wa kuzaliwa, mfumbe macho, mtamkie 'wait' peke yake. Hawezi kukuambia kama umesema ngoja au umesema uzito. Na ni lugha ya mama yake."

Shija aligeuka taratibu. Jambo la kwanza lililompata lilikuwa hasira. Miaka yote ile darasani alijihesabu mjinga kwa kutosikia kitu ambacho hakikuwepo! Kisha hasira ikayeyuka, akahisi wepesi mwili mzima, kama aliyetua ndoo kichwani.

"Sasa wanaelewanaje?" akauliza.

"Mimi niliwatofautishaje kaka zako?" Mwalimu Abdu akajibu. "Kwa uso? Sikuweza, na mama yenu alinicheka sana kwa hilo. Nilikuwa natazama nani kakaa na nani. Aliyekaa na yule mtoto wa muuza mkaa ni Kulwa. Aliyekaa na watoro ni Doto. Maneno haya nayo ni Kulwa na Doto. Usilitazame neno usoni, tazama limekaa na nani. 'Wait' ikikaa na lori, ni kungoja. Ikikaa na mzani, ni uzito."

"Na likija peke yake? Au redio ikikwaruza ikawameza jirani zake?"

"Hapo unauliza."

"Nauliza?"

"Unauliza, Shija. Dawa nyingine haipo."

Shija akautazama tena ubao wa mlango. Kwa mara ya kwanza tangu aombe kazi ile, aliogopa kwelikweli. Kiingereza alijua atakimudu, kingemtoa jasho lakini angekimudu. Hili la kuuliza lilikuwa mlima mwingine.

Na mlima haukuchelewa kujionyesha. Kila alasiri baada ya kazi alikaa kwenye kigoda mbele ya vitenge, mwalimu akimsomea maagizo ya kubuni na yeye akijibu. Jirani za maneno akaanza kuzizoea. "Hole" ikija na kuchimba ni shimo, "whole" ikija na siku ni siku nzima. "Brake" ya lori na "break" ya kuvunjika zilimsumbua mpaka akazipigia magoti. Mwalimu alikuwa akimsifu. Halafu alasiri moja mwalimu akavuta kofia yake hadi mdomoni, akanung'unika ndani yake, "Mbu-mbu-mbu ore, mbu-mbu-mbu."

"Yes, mwalimu," Shija akajibu haraka.

"Nimesema nini?"

Shija akageukia vitenge, kana kwamba jibu limeandikwa pale.

"Sikusema kitu cha maana, mwanangu. Nimetafuna hewa. Na wewe umenijibu yes."

Wateja walicheka, na Shija alianza kucheka nao. Kisha akaacha, kwa sababu akilini alimwona Ngassa kwenye winchi, na safari hii Ngassa alikuwa na sura yake yeye. Alinyanyuka, akamwambia mwalimu kwamba kuanzia kesho amnung'unikie kila siku. Mwalimu akasema kazi hiyo anaiweza, mkewe amemlalamikia kwayo miaka yote.

Tangu hapo Shija aliamua. Asiposikia vizuri, anauliza, awe nani awe nani. Tatizo ni kwamba ulimi ulikuwa tayari na magoti hayakuwa tayari. Akisimama mbele ya mzee, magoti yalijikunja yenyewe, na "ee" ikamtoka kabla hajaikamata. Akaifukuza kama mtu anavyofukuza mbuzi shambani, leo na kesho na keshokutwa. Akamwuliza mzee wa kanisa arudie. Akamwuliza diwani arudie, dirisha la gari likiwa limeshapandishwa. Haikupita muda mtaani wakaanza kusikitika: masikini Mama Wema, mdogo vile, kiziwi tayari. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowaimbia watoto, lakini jaribu kuuliza uone utakavyotazamwa.

Nyumbani kukawa moto. Ngassa akiomba chumvi huku anatafuna, anaambiwa, "Rudia." Akiulizia jembe, "Rudia." Mwishowe akasukuma sahani.

"Siku hizi unanidharau, mke wangu."

"Sikudharau, Baba Wema. Nakuuliza kwa sababu unachosema nakitaka. Cha kijinga ningekijibu 'ee' nikaendelea na yangu."

Ngassa alinyanyuka. Alitoka nje akakaa na jembe lake, akiligongagonga mpini ambao haukuwa umelegea. Shija alimtazama kupitia mlangoni na akajua neno limeingia, maana kila uchungu wa duara ulipomrudia mume wake hakusema kitu, alitengeneza vitu. Alimhurumia sana. Lakini hakulirudisha neno lake.

Siku ya usaili watu walijaa kwenye ukumbi wa nje ya geti. Karibu naye alikaa binti mmoja kutoka Kahama, Noela, mwenye diploma na Kiingereza cha kutiririka, na alikuwa mkarimu pia, akamgawia Shija pipi ya kulainisha koo. Kwenye mtihani wa kuandika Shija aliandika "brake" pale palipotakiwa "break", na akalijua kosa lake alipokwisha kukusanya karatasi. Alijilaani kimoyomoyo kwa Kisukuma, kwa sababu Kiingereza kilikuwa hakimtoshi.

Ukafuata mtihani wa redio. Unaingia chumba kimoja unapewa redio, na msimamizi anakaa chumba cha pili, anakusomea ujumbe mara moja huku jenereta linanguruma dirishani kwa makusudi. Unatakiwa uurudie ujumbe wote. Msimamizi mwenyewe, Bwana Abel, alikuwa mzee wa mvi na macho mekundu ya usingizi haba. Shija alimwona alipokuwa akipita, na kitu cha kwanza alichowaza ni kwamba anafanana na rika la baba yake.

Redio ikakwaruza. Akasikia "four", au "for", akasikia "wait", au "weight", akasikia mwamba wa kelele, kisha kimya.

Alibonyeza. "Say again."

Ujumbe ukaja tena, kwa haraka zaidi. Safari hii jenereta lilimeza mwisho badala ya mwanzo.

"Say again, please."

Kisha sauti ikaja kwa Kiswahili, na ilikuwa sauti ya mzee aliyechoka. "Mama, una matatizo ya masikio? Wenzako nje wanangoja."

Hapo Shija akaona magoti yakijikunja chini ya meza. "Yes, sir" ilikuwa imeshafika kwenye meno, imejipanga vizuri, ina adabu, ingemfurahisha kila mtu na kumtoa kwenye kile chumba. Naye alitaka sana kutoka. Lakini aliiona kamba. Aliiona kama imefungwa kwenye kile kitufe chini ya kidole chake, na kule mwisho wake kuna mtu.

"Samahani, baba," akasema. "Masikio ninayo. Ujumbe ndio sijaupata. Say again."

Alisikia pumzi ndefu upande wa pili. Kisha maneno yakaja polepole, moja moja, na kila neno likakaa na jirani yake. Malori manne. Yangoje kwenye karasha, mashine ya kuponda mawe. Mzani wa kupimia uzito umeharibika. Kulwa akakaa mahali pake, Doto mahali pake. Shija aliurudisha ujumbe wote, na "crusher" akaitamka kwa L kama alivyozaliwa, akaweka redio mezani, akatoka nje akiwa na hakika kwamba amekosa kazi.

Hakukosa. Walichukuliwa Noela na yeye. Siku ya kwanza ndani ya kontena jeupe, Bwana Abel alimwonyesha kiti chake, akasimama kidogo mlangoni.

"Siku ile ulinikera kweli."

"Najua, baba. Nisamehe."

"Sikusamehe. Endelea kunikera hivyohivyo."

Jumapili iliyofuata walikwenda kwa Mzee Mihayo kupeleka habari, Shija mbele, Ngassa nyuma amebeba mchele na sukari. Kwenye uzio wa minyaa Ngassa alisimama kama kawaida yake, akautua mzigo chini. Shija aliingia, akapiga magoti mbele ya baba yake aliyekaa kwenye kigoda, mguu mbovu umenyooka mbele yake. Wakasalimiana kwa kirefu, mwangaluka na mhola zote za Kisukuma, habari za mifugo na habari za mvua, ndipo akamwambia kazi ameipata. Mzee alicheka mpaka meno machache aliyobakiza yakaonekana. "Wabeja," akashukuru, "wabeja sana, binti yangu," na mama yake akapiga kigelegele kilichowatawanya kuku.

Kisha mzee akatazama kwenye uzio. Akasema neno kwa sauti yake ya siku hizi, sauti nyembamba ya mtu mzima. Upepo ulikuwa unapita kwenye minyaa, na ndama alikuwa analia zizini.

Shija alisikia. Alikuwa karibu. Angeweza kugeuka akamfikishia mumewe neno lile, na mdomo ulimwasha kufanya hivyo. Akajizuia.

Ngassa alishatazama chini. "Ee, ba..." akaanza, na hapo akakwama. Akavua kofia. Mama mkwe wake alibaki na kata ya maji mkononi, haishuki wala haipandi.

"Baba," Ngassa akasema. "Sijasikia. Rudia."

Mzee Mihayo aliiegemea fimbo, akajiinua kidogo kutoka kwenye kigoda ili sauti ifike.

"Narudia, mwanangu," akasema. "Hata mara kumi nitarudia. Nimesema, ingia."

Ngassa akaingia.